Ukaombe Moto kwa Mama Njeri

Kijijini, Kaskazini mwa Ujerumani
Novemba 2006

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, mama. Mulembe kutoka huku kwenye baridi mpaka hapo mlangoni pako Ndalu, na iwafikie pia ng'ombe wako watatu, maana najua nisipowasalimia hao kwanza hutanisikiza mimi.

Kabla hujaendelea, angalia bahasha vizuri. Kuna barua mbili. Ile yenye picha za theluji ni ya watu wote. Nafula aisome kwa sauti baada ya chai, kila mtu acheke vile nimevaa kofia mbili kwa kichwa kimoja. Hii ya karatasi ya mistari ni yako peke yako. Usimpe Nafula akusomee, hata akikwambia macho yako yamechoka. Dada yangu nampenda, lakini akijua jambo asubuhi, jioni linajulikana mpaka Kiminini. Chukua miwani yako, ingia kule kwenye migomba, geuza ndoo ukalie, usome polepole. Nimeandika kwa herufi kubwa kama mwalimu wa darasa la kwanza, kwa sababu yako.

Sasa kifua. Kinaendeleaje? Na usinijibu "Mungu ni mwema" halafu unyamaze, vile unanifanyia kwenye simu. Kwamba Mungu ni mwema tumekubaliana. Mimi nauliza kifua. Nafula ananiambia siku hizi ukikohoa unashika mlango kwa mikono miwili, na kwamba daktari wa Bungoma alikuambia moshi basi, asikuone tena ukinuka moshi. Je, ulimwambia ukweli kuhusu jiko, ama ulimwambia pia yeye kwamba Mungu ni mwema?

Mimi niko mzima. Baridi ya huku si ile ya Julai ya Kitale tunayolalamikia tukiwa tumeshika vikombe vya chai. Hii inakupasua midomo. Chakula ninakula, usiwe na wasiwasi, hata uso umejaa kidogo. Nilijaribu kupika chapati kwa unga wao, nikampa mbwa wa hapa moja, akaichukua vizuri kwa heshima akaenda akaizika. Kwa hivyo nakula mkate.

Mama, Nafula ameniandikia kwamba ng'ombe wa nne amekufa.

Nilikuwa nimesimama nje ya zizi nikisoma. Nilipofika hapo nilikaa chini. Unakumbuka ni wewe uliyempa jina hilo? Siku tuliyomaliza kujenga, fundi ameshapiga lipu, mimi nimejaa simiti mpaka masikioni, ulizunguka ule mtambo mara mbili ukasema, "Nilikuwa na ng'ombe watatu. Sasa nina wanne, na huyu hatembei." Tangu siku hiyo hakuna mtu hapo nyumbani aliyewahi kusema "mtambo wa gesi". Asubuhi unamkamua Malaika, unakamua wale wengine, halafu unakoroga samadi na maji unamlisha wa nne, naye anakulipa kwa moto wa buluu usio na moshi. Miaka miwili ulipika hivyo, na miaka miwili hukukohoa.

Sasa naambiwa amezima tangu mwisho wa Agosti. Naambiwa umerudi jiko la zamani, la mawe matatu, na unapuliza kuni mbichi. Na naambiwa umetoa amri kwamba mahindi yakishaingia ghalani wataitwa vijana wenye majembe, shimo lijazwe mchanga, juu yake ipandwe migomba. Hiyo sentensi nilisoma mara tatu.

Sitaki kukugombeza. Mtu atamgombezaje mama yake akiwa mbali hivi, hata uso wake haoni? Lakini wacha niseme wazi kile kiko moyoni. Naogopa. Baba alipotuacha nilikuwa chuoni, na nilipofika nyumbani nilikuta udongo umeshafunikwa, watu wananawa mikono. Hilo halijawahi kunitoka. Sitaki kuitwa nyumbani tena na kufika nimechelewa, mama. Ukijaza lile shimo mchanga, ni kama unanijazia mimi.

Nimetaka kukupigia simu, lakini simu na wewe tunajuana. Nikiuliza swali gumu mtandao unapotea. Ndiyo maana naandika. Karatasi huwezi kuikatia.

Wacha kwanza nikusimulie jambo la huku, halafu tutarudi kwako. Usiruke.

Huyu mama ninayefanya kazi kwake, Bibi Gerda, nilikuambia ni mjane kama wewe, na kama wewe ana maneno machache na mikono mikubwa. Ng'ombe wake ni wengi kuliko wa kata nzima ya kwetu. Samadi yao yote inaenda kwenye tangi moja la mviringo, kubwa kuliko kanisa letu, lenye kifuniko cha kijani kilichofura kama andazi. Gesi inayotoka inaendesha injini, injini inatoa stima, na maji ya moto ya ile injini yanapita kwa mabomba chini ya ardhi hadi kwenye nyumba za jirani, ndiyo wanaota joto. Wewe unapikia sufuria moja ya ugali, wao wanapashia kijiji. Lakini ni ng'ombe yule yule wa nne, mama. Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, wakadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Sasa shikilia ndoo yako vizuri. Samadi peke yake haimtoshi, kwa hivyo wanamlimia chakula. Wanapanda mahindi ya kumlisha. Ndiyo, mahindi! Mwezi wa Septemba mashine inaingia shambani, mahindi yamesimama marefu, yamebeba, punje bado zina maziwa, na inakata yote, bua, jani, na gunzi lake. Yanasagwasagwa, yanarundikwa kama kilima, yanafunikwa kwa plastiki na matairi makuukuu juu yake. Kila asubuhi anachotewa. Siku ya kwanza nilisimama pembeni ya shamba nikasikia kulia. Kule kwetu mtu akipita na kuokota hindi moja kwa shamba la mtu ni kesi kwa chifu. Nikajaza mahindi ndani ya koti, nikayachoma nyuma ya karakana. Bibi Gerda akanikuta nikiyatafuna. Akaniuliza, kwa upole sana, kama ng'ombe wake wananyimwa chakula kwa sababu yangu. Kumbe ni mahindi ya mifugo, mtu hali. Hata hivyo kesho yake aliniletea chumvi.

Basi, mwezi wa pili mwaka huu yule mwenzangu anayemlisha tangi alienda likizo, nikaachiwa mimi. Bibi Gerda alinionyesha kipimo: vijiko vya trekta vingapi vya mahindi, samadi kiasi gani, usizidishe. Siku ya nne nikaona gesi imepungua kidogo. Baridi ilikuwa kali. Na mimi nikawaza vile wewe ulinifunza. Mtu akiwa mnyonge kwetu anafanyiwa nini? Anapikiwa uji mzito. Anaongezwa. Nikiwa na malaria ulikuwa unanikalia hapo na kikombe mpaka nimalize. Kwa hivyo nikaenda kwenye stoo ya chakula cha ng'ombe, nikachota unga wa mahindi, unga kabisa, kama sembe, nikamwagia tangi. Kesho yake nikaongeza. Siku ya kwanza alipanda vizuri sana, nikajisifu. Siku ya tatu akaanza kutoa povu. Siku ya nne injini ikakohoa, ikazima.

Mama, nilikuwa nimempikia ugali.

Na unajua nilifanya nini? Nilificha. Bibi Gerda aliniuliza mezani, "Anakula vizuri?" Nikajibu, "Vizuri sana." Siku mbili nzima nilimdanganya yule mama machoni, huku mabomba yanapoa. Mzee mmoja na mkewe, watu wa kutembelea fimbo, walikuwa wameketi na makoti ndani ya nyumba kwa ajili yangu. Siku ya tatu, tukiwa tunakunywa kahawa ya asubuhi, nikaweka kikombe chini nikasema yote, unga, siku, uongo, yote. Kijerumani changu kilikuwa kinaanguka njiani lakini alinielewa.

Hakupaza sauti. Alivaa gambuti, akaenda, akachota kidogo kwa kikombe, akanusa, akasema chakula kimechacha. Akaniambia humo ndani kuna vijidudu vya aina mbili. Wa kwanza wanakula haraka na kutoa ukali, kama ule wa maziwa yaliyolala sana. Wa pili wanakula polepole, wanakula ule ukali, na hao ndio wanatoa gesi ya kuwaka. Ukimimina vitu vitamu vingi kwa mpigo, wa kwanza wanashangilia, wa pili wanaungua. Nikakumbuka yule fahali wetu mwekundu aliyevunja ghala akala mahindi makavu, tumbo likafura, akatufia. Ni ugonjwa huo huo.

Nikamuuliza, sasa tutafanya nini? Akasema, "Tutaomba."

Nilidhani ni maombi. Kumbe alikuwa anamaanisha kwa Otto.

Otto ni jirani mwenye shamba la upande wa pili wa mtaro, na ana tangi lake pia. Yeye na Bibi Gerda walikuwa hawajasalimiana miaka minane kwa sababu ya huo mtaro, nani aliuchimba, ulipita kwa nani. Wakikutana dukani mmoja anageuka kuangalia sabuni. Kila mtu hapa anajua. Na huyu mama akavuka mtaro kwa miguu, mimi nyuma yake, tukasimama kwa geti. Otto akatoka anapangusa mikono. Bibi Gerda akamwambia, "Wangu amekufa. Nahitaji samadi kutoka kwa wako aliye hai."

Mama, huyu ni mwanamke anayemshika ndama kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimesimama karibu, na niliona ameshika geti la watu kwa mikono miwili.

Otto alimwangalia. Mimi nilikuwa nangoja amuulize imekuwaje, ni nani mjinga aliyeua tangi, nitajwe hapo hapo. Hakuuliza. Alisema tu, "Matangi mangapi?"

Akaja na trekta yeye mwenyewe, safari saba. Tukaacha kulisha kwa muda, tukaongeza ile samadi hai, halafu tukaanza kumlisha kidogo kidogo kama mgonjwa wa kweli, na wiki ya nne injini ikanguruma. Siku hiyo Otto aliingia jikoni, akapewa kahawa na keki. Mimi sikufukuzwa. Ila ukienda leo kwenye ile stoo utaona Bibi Gerda amechora kijiko kwenye ukuta, na mstari mwekundu juu yake, na chini ameandika jina langu.

Haya. Sasa turudi Ndalu.

Nafula, katika hiyo barua yake, ameniambia vitu vinne. Yeye hajui ameniambia, aliandika tu vile anaandika, kila kitu na mkia wake. Kwanza, moto ulipanda sana siku moja, halafu ukawa unarukaruka, halafu gesi ikawa inatoka lakini kiberiti hakishiki. Pili, ukisimama karibu na mdomo wa kulishia kunanuka kama uji uliochacha. Tatu, wewe unaapa hajala kitu ila samadi. Na nne, mama, wiki hiyo kuku wako walikuwa wanatembea kando kando pale kwenye mtambo, na jogoo aliwika saa nane mchana akaanguka.

Nafula anasema ni ugonjwa wa kuku. Alitaka kuwatafutia dawa.

Halafu baba mdogo Wanjala alinipigia simu mwezi wa tisa, kunipa habari za tohara ya mwanawe Simiyu. Alisifu vile kijana alisimama, hakupepesa jicho. Lakini nusu ya simu alikuwa analalamika. "Wekesa mwanangu, madumu matano ya busaa! Matano! Tuliweka kwa stoo ya mama yako mahali kuna kivuli. Wageni wangu wanafika, naambiwa iko dumu moja. Hizo zingine zilienda wapi? Na machicha ya pombe pia hakuna, ati nimpe nguruwe nini?" Mpaka leo anashuku wakwe zake wa Lwakhakha. Ati walikuja na mkokoteni.

Na Nafula, bila kujua, akaandika tena kwamba siku moja kabla ya tohara kamati ya kina mama wa kanisa ilikuja ghafla hapo nyumbani kumwombea kijana, na kwamba uliwachelewesha kwa nyimbo nne pale getini.

Nikaweka hayo yote pamoja. Mama, nilicheka mpaka ng'ombe wa Bibi Gerda wakageuka. Niliwaona hao kina mama wanaimba kwa geti, wewe mwenyekiti wao, wewe uliyesimama mbele ya kanisa ukasema boma lako halitawahi kunuka pombe. Na nyuma ya nyumba mtu anakimbia na madumu kuelekea kwa ng'ombe wa nne. Ama ulikimbia wewe mwenyewe? Na kifua hicho? Kama nimekisia vibaya nisamehe, unipige kofi nikirudi. Lakini sidhani nimekosea.

Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka jambo. Siku ninaondoka, ukiwa umenishika koti, uliniuliza, "Na huyu nimlishe nini kama samadi ni kidogo?" Mimi nilikuwa na haraka, gari lilikuwa linapiga honi, nikakujibu, "Wewe mpe tu, mama, huyo anakula kila kitu." Hayo ni maneno yangu. Kosa ni langu, si lako, na si la busaa. Tena ulimpa kwa kuniamini. Nisamehe.

Siri yako ninayo na itabaki hapa. Nafula hajui. Baba mdogo hajui, wacha ashuku wakwe. Lakini ng'ombe wako si maiti, mama. Tumbo lake limechacha tu, kama lile la huku. Sasa nisikilize.

Usimlishe chochote kwa wiki mbili. Kwa mdomo ule wa kutokea, toa madebe kama ishirini ya yale maji makali umwage mbali na mboga. Jivu la hizo kuni zako, ambazo sizipendi, chekecha, koroga na maji kwenye karai, mpe karai moja kila asubuhi kwa siku tano. Linapunguza ule ukali. Ile gesi ya kwanza itakayotoka usiiwashe, fungua iende. Baada ya hapo anahitaji samadi kutoka kwa mtambo ulio hai. Si samadi ya kwa zizi tu, ni ile iliyokwisha kukaa ndani na kuchemka, yenye wale vijidudu wa polepole. Madebe ishirini, thelathini ukipata. Ndipo uanze tena samadi ya ng'ombe wako, nusu ndoo, halafu ndoo.

Na mtambo ulio hai hapo karibu ni mmoja tu, na wewe unajua ni wa nani.

Mama, Nafula ameniambia. Tangu Agosti unapita barabara ya juu ukienda mtoni ili usipite kwa Mama Njeri. Kanisani umehamia benchi la upande wa pili. Yeye alikuwa kwenye ile kamati, ni katibu wako, alikuwa anaimba pale getini. Unaona ukimwendea na madebe atauliza wako amekufa kwa nini, na wewe uongo kwake huuwezi. Kwa hivyo ni afadhali ukohoe. Ndiyo hiyo, ama sivyo? Na mwenzako hajui chochote. Amemuuliza Nafula mara mbili kama kuna jambo alilokukosea. Mara ya pili, Nafula anasema, alikuwa na machozi.

Nikuulize kitu. Unakumbuka masika, kuni zimelowa, kiberiti kimeshika unyevu, na umeamka ukakuta mafiga baridi? Ulikuwa unaniambia, "Wekesa, kimbia kwa Mama Njeri ukaombe moto." Nilikuwa nachukua kile kigae cha mtungi uliovunjika, naweka jivu chini, napita kwenye ua wao pale penye tundu. Yeye yuko jikoni kwake, mgongoni ana mtoto. Hata salamu sijamaliza, ameshainama. Alikuwa anachagua kaa kubwa kuliko yote, lile lililoshika vizuri, analitoa kwa vidole vyake bila koleo, anafunika na jivu, ananiambia, "Kimbia, usimwage." Mama, miaka yote hiyo, asubuhi zote hizo, hata siku moja hakuniuliza moto wa kwetu umezimwa na nini. Na Njeri wake alipokuja kwetu na kifuniko cha sufuria, wewe pia hukuuliza.

Hivyo tu ndivyo ninavyokuomba. Nenda na punda na madumu, simama mlangoni kwake, useme, "Nimekuja kuomba moto." Usiongeze neno. Namjua yule mama, ataanza kutafuta debe kabla hujamaliza. Na kama baadaye, siku nyingine, mkiwa mnachambua maharagwe, ukitaka kumwambia habari za madumu manne, mwambie. Atacheka mpaka alale chini. Mume wake, nikukumbushe, si wa chai peke yake.

Kuna lingine. Nilipojenga wa Mama Njeri, mwaka mmoja baada ya wako, ulikataa aanze na samadi baridi. Ulimpelekea madebe ishirini kutoka kwa ng'ombe wako wa nne, ukimwaga wewe mwenyewe, unaimba. Wake aliwaka siku ya tisa, wako alikuwa amechukua zaidi ya mwezi. Kwa hivyo moto unaoenda kuomba ni wako, mama. Alikuwekea tu.

Na hao vijana wa majembe waambie waende wakavunie mtu mahindi.

Nisalimie watu. Nafula dada yangu, mwambie barua zake nazipenda, aendelee kuandika kila kitu na mkia wake. Baba mdogo Wanjala, mwambie nilisikia habari za kijana na nimefurahi, na asiende Lwakhakha kuuliza mambo ya mkokoteni, awaheshimu wakwe. Simiyu, mwambie sasa ni mwanaume, kwa hivyo kuni na madebe mazito yatakuwa yake. Kocha mjomba wangu, kaka yako wa Bungoma, mwambie ile miwani ya kusomea aliyoniagiza nimeipata. Malaika mpigepige shingoni kwa niaba yangu. Na Mama Njeri mpe salamu zangu kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mtu.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, mkishatoka kanisani, nitapiga kwenye simu ya Nafula. Mwombe akupe uingie nayo jikoni peke yako. Usiniambie kifua kinaendeleaje, usiniambie Mungu ni mwema, usiseme kitu. Washa tu, mama, halafu uweke simu karibu na jiko, nisikie gesi inavyopuliza.

Mimi mwanao, aliyempikia tangi la wenyewe ugali,

Wekesa